Nusu Nguo, Nusu Paa

Mama Mizani alikuwa amekaa nyuma ya mizani ya ofisi ya vifurushi kwa muda unaotosha kumzaa mtu, kumsomesha na kumwoza, na katika muda huo alikuwa amekata shauri kuhusu binadamu. Binadamu, kwa maoni yake, ni mnyama anayebeba asichokihitaji, akampelekea mwenzake asiyekitaka, kisha wote wawili wakalalamikia mgongo.

Jina hilo alipewa na makuli wa kampuni ya mabasi. Walilikusudia kuwa kejeli, yeye akalipokea kama cheo. Kila dirisha lilipofunguliwa, watu walipanga foleni kumletea ushahidi. Mmoja alituma mlango bila fremu. Familia moja ilituma godoro lililofungwa ndani ya godoro jingine ili la ndani lisichafuke. Mhubiri mmoja alisafiri na kiti chake mwenyewe, kwenda na kurudi, kana kwamba viti vya huko aendako havijaokoka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni wazi kwamba wahenga hawakuwahi kuajiriwa kwenye ofisi ya vifurushi.

Ili kujisafisha na haya yote, kila alipopata likizo Mama Mizani alipanda milimani kwa miguu, akalala huko siku kadhaa, akarudi. Alikwenda peke yake. Shanta lake lilikuwa dogo kama mto wa kulalia. Mswaki wake alikuwa ameukata mpini. Lebo za nguo alizibandua kwa wembe, na sabuni aliikata vipande vya ukubwa wa kidonge. Njiani akikutana na wapandaji wenzake aliwapima kwa macho: wenye mizigo mikubwa aliwadharau kwa sababu waliibeba, wenye mizigo midogo aliwadharau kwa sababu walijisifu nayo. Yeye hakujisifu. Alikuwa akisubiri aulizwe.

Mambo yangeendelea hivyo kama asingeteleza kwenye korongo na kushuka mlima akiwa ameuning'iniza mkono kwenye mtandio. Binti yake alikuwa nesi. Aliuona mkono, akaufunga plasta, na jioni ile ile akaitisha kikao cha familia.

Kikao kilikuwa na watu wanne. Mume wa Mama Mizani, fundi friji, alikaa kimya karibu na mlango. Miaka ya kukaa na mafriji ilikuwa imemfundisha kutulia na kutoa sauti kidogo tu baada ya muda mrefu. Binti ndiye aliyezungumza. Alianza kwa kusema hakuna anayemkataza mama kwenda, na kila mtu mzima anajua kwamba katazo la kweli huanza hivyo. Mama asiende peke yake, basi. Atafute mwenzake. Asipopata mwenzake, akae nyumbani apumzike kama mama za wenziwe.

Hapo mtu wa nne akainua mkono, kama aliyekuwa darasani, akasema atakwenda yeye.

Huyo alikuwa Matroni, dada mkubwa wa fundi friji, yaani wifi yake Mama Mizani. Maisha yake yote ya kazi alisimamia bweni la wasichana. Alipostaafu alikuja kukaa kwa mdogo wake kwa muda mfupi, na ule muda mfupi sasa ulikuwa na kabati lake. Alipita kila asubuhi akikagua vitanda vya nyumba isiyo yake. Alikuwa na desturi ya kupitisha kidole kimoja juu ya dirisha, kukitazama, na kutosema neno. Mama Mizani angeweza kusamehe matusi. Kidole kile hakukisamehe.

Watu wa nyumbani walifurahi. Wifi na wifi watazoeana. Mama Mizani aliona jambo lilivyokaa, na lilikuwa limekaa vibaya pande zote. Matroni akiipenda milima, atakuja kila likizo hadi kiyama. Akiichukia kupita kiasi, atarudi na kutoa taarifa kwamba kule ni kifo kitupu, na binti atafunga mlango. Kilichotakiwa ni chuki ya kadiri: imtoshe Matroni kusema “mimi basi, siendi tena, nenda wewe,” lakini isitoshe kumtisha nesi. Ilikuwa kazi ya vipimo, na Mama Mizani alijiona ndiye hasa mwenye fani.

Alianzia kwenye mvua, kwa sababu ilikuwa majira yake, na hakuna kitu kinachomfundisha mtu chuki taratibu kama nguo ya mvua iliyochaguliwa vibaya. Au vizuri, kutegemea unamchagulia nani.

Duka la vifaa vya safari lilikuwa la kijana aliyevaa viatu vya kupandia mlima dukani humo, mahali ambapo mlima mrefu kuliko yote ulikuwa kizingiti. Aliwakaribisha mawifi wote wawili kwa kuwaita mama zangu. Kwanza aliwaonyesha koti ambalo alisema linapumua. Mvua haiingii, alieleza, lakini jasho linatoka. Koti lenyewe linavuta pumzi.

“Likipumua koti,” akauliza Mama Mizani, “mimi nibakiwe na kazi gani?”

Kijana akacheka kwa adabu na kutaja bei. Kwa bei ile mtu angevisha ukoo mzima, na wale wa mbali wakabakiziwa kofia. Na koti peke yake halikutosha, maana usiku lazima hema, na hema lilikuwa na begi lake, na begi la hema lilikuwa na mfuko wa kulikinga na mvua. Mama Mizani alilinyanyua hema kwa kidole, akalirudisha chini kama anavyorudisha kifurushi kinachovuja. Kijana akaleta koti la mpira, lile la walinzi wa maghala. Lilikuwa rahisi kweli na lisingepitisha hata dhambi, lakini kulibeba ni sawa na kumsindikiza mlevi nyumbani. Matroni kwa upande wake alikuwa ameona shuka la plastiki jepesi kabisa, limekunjwa dogo kama leso. Akalivuta kidogo kujaribu. Likachanika. Akalirudisha rafu, upande uliochanika ukitazama ukuta, akatoka pale na uso wa mtu aliyekuwa akisoma tangazo.

Ndipo Mama Mizani akaona alichokuwa anakitafuta. Kilikuwa kimetupwa kwenye kapu la vitu visivyonunuliwa: majoho mawili ya mvua, ya nailoni nyembamba. Kila moja lilikuwa shuka la pembe nne lenye tundu la kichwa katikati na kofia juu yake. Mchana unalivaa, linakufunika wewe na shanta lako mgongoni. Ukifika pa kulala unalivua, unafunga kofia kwa kamba yake, unalitandaza juu ya fimbo na kamba, unakaza pembe kwa vigingi, nalo limekuwa paa. Unabeba kitu kimoja kinachofanya kazi mbili, tena mishono yake ilikuwa imezibwa sawasawa na vitundu vya pembeni vilikuwa na pete. Ni kifaa cha busara, cha mtu asiye na fedha za kuchezea wala mgongo wa kuazima. Kwa nini kilikuwa kapuni? Kwa sababu kiliuzwa kwa bei ndogo, na wapenda safari wengi hawaamini kitu kisichowaumiza mfukoni.

Lakini kilichomvutia zaidi kilikuwa ukingoni. Kila joho lilikuwa na safu ya vishikizo vya kubana. Yakiunganishwa mawili, yanakuwa paa moja la watu wawili.

Mama Mizani alimtazama wifi yake. Mwanamke huyu aliishi akihakikisha kwamba kati ya kitanda na kitanda panapita ufagio. Alimwamsha msichana yeyote aliyelala na miguu upande wa jirani. Sasa alazwe chini ya nguo iliyolowa ya wifi yake, iliyofungwa kwenye nguo yake mwenyewe, bega kwa bega, pumzi kwa pumzi. Hatari haipo. Karaha ipo ya kutosha. Akanunua yote mawili, akamwomba kijana asimfungie kwenye mfuko.

Kosa la hesabu hiyo, ambalo karani wa siku ya kwanza angeliona, ni kwamba paa la watu wawili lina watu wawili.

Mkono ulipopona wakaondoka, na fundi friji aliwapiga picha mlangoni. Mama Mizani alikuwa amelipekua shanta la Matroni na kutoa kioo, taa ya mezani na pasi ndogo. Shuka alishindwa kuitoa. Ilikuwa nyeupe, imepigwa pasi na kukunjwa kona kwa kona, na Matroni alisema yeye si mnyama, halali bila shuka, na kama wifi anaona ni nzito basi atazame pembeni asiumie macho.

Siku ya kwanza ilikuwa kavu. Matroni alipanda polepole, kwa mwendo usiobadilika, wa mtu anayepita kati ya vitanda. Hakulalamika, na hilo lilimuudhi Mama Mizani kuliko malalamiko. Alitarajia angalau kilio cha magoti. Badala yake wifi yake alisema mawe ya mahali hapa yamepangwa ovyo. Jioni walilala kwenye kibanda kitupu cha wachungaji, kwa hiyo majoho yalibaki kwenye mashanta. Matroni alitandika shuka yake juu ya majani makavu, akachomeka pembe.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, mvua ikawakuta kwenye mgongo wa mlima. Haikuja na ngurumo wala vitisho. Ilianza tu kama kazi ya ofisi na ikaonekana haina nia ya kumaliza mapema. Walivaa majoho. Kwa kitambo mambo yalikuwa mazuri, wakashuka kama makanisa mawili madogo yanayotembea. Kisha ukungu ukaifunika njia, na Mama Mizani, ambaye hakuwa amesahau lile korongo, akasema watulie hapo hapo, chini ya mwamba, wajenge.

Ilibidi wavue. Mambo haya dukani hayasemwi. Nguo haiwezi kuwa paa mpaka ikuache uchi mvuani.

“Subiri kwanza nielewe,” alisema Matroni, ameshika joho lake kifuani. “Mvua inanyesha. Mimi nimevaa. Wewe unataka nivue, nilowe, ili nijenge mahali pa kujikinga nisilowe.”

“Ndiyo, wifi.”

“Na hili ulilinunua kwa akili zako.”

Wakavua. Wakabana vishikizo kwa vidole vilivyokufa ganzi, wakipishana kimoja kila walipofika mwisho, wakaanza upya. Vigingi vilikataa mawe. Fimbo zilianguka. Ilipofika wakati wa kuingia chini, hapakuwa na sababu ya kuingia isipokuwa heshima, maana maji yaliyobaki angani hayakuwa na cha kuongeza. Walikaa mgongo ukigusa mgongo, shanta magotini, chini ya paa lililokuwa na kofia mbili zilizofungwa shingo kama kuku.

Mama Mizani alisubiri chuki ya wifi yake ianze. Ilichelewa. Matroni alitoa shuka yake kutoka kwenye mfuko wa nailoni, kavu kabisa, akajifunga mabegani, akafumba macho. Baada ya muda akawa anakoroma kwa utaratibu. Kilichoanza ni kitu kingine. Mchana Mama Mizani alikuwa amekunywa chai nyingi kwa kuogopa baridi, na sasa chai ile ilidai njia.

Hapa ndipo alipoyaona majoho yale kwa ukamilifu. Kutoka nje bila joho ni kulowa tena mpaka mfupa. Kutoka na joho ni kuvunja nusu ya nyumba na kumwachia mwenzake mvua usoni. Mtu akiwa peke yake, hilo ni jambo kati yake na Mungu wake. Wakiwa wawili, haja ndogo ni mkutano wa hadhara. Alijibana. Alihesabu vifurushi kichwani. Alimfikiria mhubiri na kiti chake, lakini haikusaidia. Mhubiri alikuwa amekaa sana.

“Nenda tu,” ilisema sauti nyuma yake. Kukoroma kulikuwa kumekoma zamani. “Chukua nusu yako. Nimelea wasichana wa bweni, najua mtu anayejibana anavyopumua.”

Mama Mizani akabandua vishikizo, akavaa upande wake wa paa, akaenda. Aliporudi alimkuta Matroni ameketi chini ya nusu iliyobaki, upande mmoja mkavu, upande mwingine unachuruzika, shuka nyeupe imekuwa ya rangi ya udongo. Hakuwa amesogea. Aliinua mkono, akasaidia kubana tena, akaanzia mwisho ulio sahihi.

“Sasa tuongee,” alisema. “Hiki kitu umeninunulia nichukie.”

Mama Mizani akasema hapana, ni bei, ni wepesi, ni kazi mbili kwa moja. Alijisikia akiongea kama yule kijana wa dukani.

“Wifi, unadhani mimi mjinga? Msichana akinipa peremende jioni, najua kuna dirisha limevunjika. Uliniletea hili ili nikaseme nyumbani kwamba sitaki tena. Basi hongera. Sitaki tena. Sikutaka tangu kwenye yale mawe.”

Mama Mizani alipaswa kufurahi. Alikuwa ameshinda, tena kwa kipimo kile kile alichokipanga. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, kama basi atawaambia nyumbani.

“Siwaambii.”

“Kwa nini?”

“Nikisema sitaki, nitabaki nyumbani.”

Mvua iliendelea kufanya kazi yake. Matroni alizungumza akiutazama ukungu, kwa sauti ile ile ya kutangaza zamu za usafi. Alisema bwenini alilala kwenye chumba cha mlangoni, mlango wazi, miaka yote, ili asikie. Alipostaafu akaja kwa mdogo wake, akapewa chumba ambacho ndani yake zimewekwa friji mbili za wateja na pasi ya nyumba nzima. Shangazi, kuna ufunguo humo? Shangazi, umeona chaja? Dada, samahani, nachukua kompresa ya friji. Hata ule mkono alioinua kikaoni, hakuuinulia mlima. Aliuinulia mlango wa kutokea.

“Mimi ninachotaka ni gesti,” alisema. “Ile ya pale stendi tuliposhuka, yenye mapazia ya kijani. Chumba, kitanda, ufunguo mmoja, na ufunguo ukae kwangu. Nilale siku tatu asiniulize mtu kitu. Lakini mwanamke wa umri wangu akisema anakwenda kulala gesti peke yake, kutaitishwa kikao kikubwa kuliko hicho chako.”

Mama Mizani alitafuta dharau mahali inapokaa siku zote na akaikuta, ila safari hii haikuwa na wa kumwangukia. Vile vidole kwenye madirisha, kule kukagua vitanda: mtu asiye na mlango wa kufunga hukagua milango ya wengine. Si kwamba alimpenda. Hilo lingehitaji hali ya hewa nyingine. Alimwona tu, kwa mara ya kwanza, kuwa ni mtu anayetaka kitu kile kile anachokitaka yeye na ameenda kukitafuta kwa njia ya kipumbavu zaidi, na hiyo kwake ilikuwa karibu na udugu.

Walipatana pale pale, wakiwa wamelowa. Kila likizo wataondoka pamoja, wapigwe picha mlangoni. Stendi wataachana. Matroni aliweka masharti kwa ukali wa bweni: ataambiwa njia atakayopita mwenzake, na njia haibadilishwi.

“Na ukivunjika, vunjika mahali panapoonekana,” alisema. “Siku tuliyopatana usipotokea stendi, nawaambia kila kitu, na nitaanza na hii habari ya leo ya chai.”

Ndivyo ilivyokuwa likizo iliyofuata. Mama Mizani alipanda peke yake, na nusu yake ya paa ilimtosha. Alilala chini yake amejikunja, akatoka nayo nje alipotaka, akarudi nayo. Karibu na kilele alimkuta bwana mmoja amebeba kiti cha kukunja, meza yake, na birika linalopiga filimbi. Maneno yakamjia, mazuri, ya kukata. Akageuka. Palikuwa na majani tu. Ilimbidi ayabebe maneno yale mpaka chini, naye alikuwa mtu asiyependa kubeba.

Matroni alikuwa akimngoja stendi kwenye benchi, uso umejaa usingizi, joho lake amelilowesha kwenye bomba la gesti na kulipaka tope kidogo ukingoni, kwa kiasi, bila kupitiliza. Mama Mizani alimsimulia habari ya birika kabla hata ya kukaa. Matroni alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akasema ukweli ni kwamba kitanda cha gesti kilikuwa kimetandikwa na mtu asiye na mafunzo.

Nyumbani walipokelewa vizuri. Binti aliutazama mkono wa mama yake, akautazama mwingine, akaridhika. Akamwuliza shangazi yake hali ya huko juu. Matroni alijibu kwa ufasaha wa kutisha: mvua ya mawe, ukungu, mapambazuko yanayomfanya mtu asahau jina lake, na jinsi wifi alivyomshika mkono kwenye utelezi. Alitia chumvi mpaka chakula chenyewe kikapotea. Mama Mizani alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini mambo yalikuwa yameshaharibika. Karibu na mlango, fundi friji alikuwa ametoa sauti.

Alisema amekuwa akifikiri. Kazi siku hizi si nyingi. Na yeye angependa kuyaona hayo mapambazuko. Pengine pale dukani joho la tatu bado lipo, na kama vishikizo ni vya aina moja, wanaweza kubana yote matatu wakakaa pamoja kifamilia.

Wanawake wale wawili hawakutazamana. Hawakuhitaji.

“Wewe?” alisema mkewe.

“Na magoti hayo,” alisema dada yake.

Wakamweleza, mmoja akimpokea mwenzake neno, kuhusu makorongo, homa ya mapafu, nyoka, na mtu mnene wa umri wake waliyemwona akishushwa kwa machela. Hawakumwacha mpaka alipokubali kwamba ni hatari. Binti aliyekuwa akisikiliza aligeuza kichwa taratibu, akamtazama mama yake, kisha shangazi yake, kisha yale majoho mawili yaliyoanikwa kwenye kamba ya nguo uani, moja limechakaa kwa vumbi la juu, jingine lina tope upande mmoja tu.

“Kumbe ni hatari,” alisema.

Matroni aliinuka, akaenda dirishani, akapitisha kidole.